Kitambaa Huchanwa, Hakikatwi

4 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Wifi alituambia uvimbe umepungua kidogo, na kwamba siku hizi unakaa kitandani umeegemezwa mito ukiwatukana watangazaji wa redio. Tuliposikia hivyo tukapumua, tukajua bado upo. Huku sote wazima. Mwanao anakoroma vilevile na anakusalimu.

Nina habari. Jumapili iliyopita, baada ya matangazo, Mchungaji aliniita mbele akanikabidhi ufunguo wa chumba cha watoto wachanga. Tangu moyo ulipokulazimisha kuhamia kwa wifi, chumba kilikuwa mikononi mwa Bi Pole peke yake, nawe unamjua: akiinuka kumfuata mtoto, mtoto ameshajifunza kutembea. Mama Vigelegele alishangilia mpaka vioo vikatetemeka. Picha yako bado ipo ukutani juu ya vitanda. Nikiwa nakunja nepi nahisi unanitazama.

Nimeanza na usafi. Nimefua mapazia, nimepaka kuta rangi ya buluu. Lile sanduku lako la vitambaa vya kuwatambulisha watoto, Mama, nisamehe, lilinitia aibu. Mimi ni fundi cherehani. Siwezi kumpa mzazi tambara lenye nyuzi zinazoning'inia. Nimekata vipya ishirini kwa mkasi kutoka kitambaa kilichobaki cha mapazia, nusu ya mtoto na nusu ya mzazi, nikavipiga upindo pande zote na kila kimoja nikakitarizia ua. Akina mama wamevipenda sana.

Swali moja: ni kweli ulikataza chai ndani ya chumba? Bi Pole anasema anasikia baridi.

Mkweo

15 Februari

Mkaza mwanangu,

Marahaba. Unauliza hali yangu. Moyo unapiga kwa uvivu na kwa kuchelewa, kama kwaya yenu. Daktari ni kijana anayeniita "bibi mpenzi" na kunisemesha kwa sauti kubwa, kana kwamba maji yameingia masikioni badala ya miguuni. Nimefundisha wauguzi kabla mama yake hajaota meno. Nilimwambia aoshe mikono kwanza. Akaosha.

Sasa soma polepole, na ukimaliza urudie.

Umepiga upindo. Vitambaa vile umevipiga upindo! Mungu anipe subira, maana wewe hukuniachia hata chembe. Unadhani nyuzi zilining'inia kwa sababu sikuwa na mkasi? Kila Jumapili mzazi anapofika mlangoni, anashika ncha moja ya kitambaa, wewe unashika nyingine, mnachana. Mbele ya macho yenu wote wawili. Nusu inabanwa kwa pini mgongoni mwa mtoto, nusu anaondoka nayo mzazi. Ibada ikiisha, mnaoanisha kingo. Kilichochanwa kina ukingo mmoja tu duniani unaokikubali. Kilichokatwa kwa mkasi kinakubaliana na kila mtu, kama Mchungaji wenu. Wewe umeshona vitambaa ishirini vinavyofanana, vyenye maua, ukaviita usalama. Fundi!

Chai: hapana. Kikombe cha moto na mtoto anayetambaa havikai chumba kimoja. Bi Pole avae sweta.

Na kwa kuwa sina hakika kama kuna mtu aliyekuambia: watu wazima wawili chumbani muda wote, hata mmoja wao akiwa malaika. Hasa akiwa malaika. Nusu ya juu ya mlango ibaki wazi, kila apitaye aone ndani. Mtoto analazwa chali, bila mto, bila shali, bila mdoli. Mwenye kamasi anarudi na mama yake, awe mtoto wa askofu. Kitu kilichoingia kinywani mwa mmoja hakiingii cha mwingine kabla hakijaoshwa. Anayelia anabebwa, haachwi eti "azoee". Azoee nini? Kupuuzwa? Atazoea akiwa mkubwa, kanisa litamsaidia.

Kuta za buluu sina la kusema. Mtoto mchanga haoni tofauti, na watu wazima wenu nao ni vivyo hivyo.

Mama mkwe wako

11 Machi

Mama,

Shikamoo. Pole na moyo. Nimechelewa kuandika kwa sababu ya aibu, wala sitaitafutia jina lingine.

Barua yako ilifika Jumatatu. Jambo lenyewe lilikuwa limetokea Jumapili, siku moja kabla. Kulikuwa na watoto wawili wa umri mmoja, wote wamelala, wote wamefungwa shali nyeupe. Msichana wa kazi wa familia moja alitumwa kumchukua wa kwao. Akatoa kitambaa cha buluu chenye ua. Nikakiangalia na kile kilichokuwa mgongoni mwa mtoto: buluu, ua, upindo safi. Nikampa. Mama wa familia ile alifunua shali getini akapiga ukelele ambao bado nausikia nikiwa kwenye cherehani. Mtoto hakuwa wa kwake. Wa kwake alikuwa bado amelala chumbani, na mtoto wa mwenzake ndiye aliyekuwa karibu kupanda gari.

Hakuna aliyeumia. Watoto hata hawakuamka.

Vitambaa vyote nimevifumua na kuvifanya vya kufutia mashine. Sasa tunachana, kama ulivyosema. Lakini maneno yamezagaa. Mama Vigelegele alisema kwenye kikao cha akina mama, mimi nikiwa nimekaa pale pale: "Jamani, tusilaumiane. Asiyezaa uchungu wa mwana ataujulia wapi?" Wengine wakaangalia sakafu. Mmoja akasema, "Angekuwa na wake angewatofautisha hata gizani."

Unajua miaka tuliyohangaika na mwanao. Nilidhani chumba kile kingenituliza. Kumbe kila ninaponyanyua mtoto naona wananihesabia pumzi. Naomba ruhusa yako nirudishe ufunguo.

Mkweo

20 Machi

Mkaza mwanangu,

Marahaba. Moyo umesikia habari zako na bado unapiga, kwa hiyo ni mgumu kuliko alivyodai yule daktari kijana.

Ruhusa sina. Ufunguo usirudishe.

Umekosea kwa ujinga, na ujinga hutibika. Ungekuwa umekosea kwa uvivu ningekuandikia kwa lugha nyingine. Ulikiangalia kitambaa, ungemtoa mtoto bila kuangalia, ndipo ningesema ondoka. Chombo kilikuwa kibovu kwa sababu ulikipamba. Sasa umekirekebisha. Ukifanya kosa lile lile tena nitakuja mwenyewe kukunyang'anya ufunguo, hata kama itabidi nije nimelala.

Eti asiyezaa! Hata paka huzaa, akasahau wanawe darini. Mama Vigelegele nilimpokelea mtoto wake wa tatu mlangoni pale akiwa na homa kali, yeye hana habari, anawahi kuimba. Nilimrudisha naye, akaninunia mpaka mtoto alipoanza shule. Huyo ndiye profesa wa uchungu wa mwana.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu, na sasa nina haraka. Mimi sikuwahi kuwapenda watoto wachanga. Wana kelele, wananuka maziwa yaliyochacha, hawana shukrani na mazungumzo yao ni mabaya. Wa kwangu niliwavumilia mpaka walipoanza kusoma. Nilikianzisha chumba kile kwa sababu niliwadharau watu wazima. Niliwaona wakiwaacha watoto kwenye mabenchi, wakiwapitisha mkono hadi mkono kama sahani ya sadaka, huku wakisema "tunawapenda". Wanapenda mashavu. Nepi hawaipendi. Mtu akija kuomba kazi chumbani mwangu akaniambia "napenda sana watoto", nilimpa ufagio nione. Wengi hawakurudi.

Kwa hiyo usinililie kuhusu moyo wa mama. Osha mikono, hesabu watoto, oanisha kingo. Tumbo lako halina kazi yoyote pale.

Mama mkwe wako

22 Aprili

Mama,

Shikamoo. Tunaomba Mungu akupunguzie kikohozi. Wifi ametuambia kimeanza. Mwanao anataka kuja mwisho wa mwezi.

Ufunguo bado ninao, ila sijui kwa muda gani.

Jumapili ya Matawi tulikuwa na wageni. Katikati ya mahubiri Mama Vigelegele alikuja mlangoni kumchukua mjukuu wake, yule tunayemwita Kibonge, akawaonyeshe wageni mashavu. Kitambaa anacho mama yake Kibonge, na mama yake alikuwa amekaa mbele na kwaya. Nikasema, "Shikamoo Mama. Kitambaa tafadhali."

"Kitambaa gani? Mimi si bibi yake?"

"Ni bibi yake, Mama. Kitambaa kiko kwa mama yake."

"We msichana! Huyu mtoto nimemwogesha mimi tangu kitovu hakijadondoka! Leo unanidai tiketi?"

Bi Pole akaninong'oneza, "Mpe tu, mwanangu, yaishe." Kibonge mwenyewe alikuwa begani kwangu, anamwangalia bibi yake anavyopayuka, anatafuna ukosi wangu. Sikumpa. Mama Vigelegele akarudi kanisani akiwa analia kwa sauti, na mahubiri yakaishia hapo.

Mzee wa kanisa amesema kitafanyika kikao Jumapili ya kwanza ya Juni kuamua kama nibaki. Wanasema niliwapa watu mtoto asiye wao, kisha nikamnyima bibi mjukuu wake mwenyewe, kwa hiyo sina busara wala huruma. Mchungaji anasema yeye yuko katikati.

Mama, wewe ukisema neno moja watanyamaza. Niandikie barua fupi tu niisome kikaoni. Sitaki kukiacha chumba. Mwezi wa tatu nilitaka kukiacha, sasa sitaki. Kibonge ameanza kunyoosha mikono akiniona.

Mkweo

30 Aprili

Mkaza mwanangu,

Marahaba. Mwanangu asije; atakaa pembeni ya kitanda akipumua kwa huzuni na mimi hewa ni ya kuazima.

Barua ya kikaoni siandiki.

Unataka nikuandikie ili wasikie sauti yangu na wakuogope? Halafu nikifa, Jumapili itakayofuata, utasoma nini? Chumba kinachosimama kwa sababu ya bibi kizee aliye mbali ni kibanda tu. Ulifanya sawa kumnyima yule mwenye kelele. Waambie hivyo mwenyewe, kwa mdomo wako, umesimama wima. Ukishindwa kuwashinda watu ambao hawawezi hata kukaa kimya wakati wa sala, basi hukustahili ufunguo na mimi nilikosea kukubali upewe.

Ndiyo, nilikubali. Mchungaji aliniuliza. Nilimwambia, "Mpe mshonaji, angalau anaweza kuhesabu."

Kikohozi kipo. Yule daktari kijana ameacha kunisemesha kwa sauti kubwa. Sasa ananong'ona, na hiyo ni dalili mbaya kuliko zote.

Mama mkwe wako

27 Mei

Mama,

Shikamoo. Mlifika salama? Wifi hajatuma neno. Mliondoka hata maji ya kunywa hukuyagusa, na safari ile ni ndefu hata kwa mtu mzima wa afya. Hatukujua kama unakuja. Nilipogeuka na kukuona mlangoni, kwenye kiti cha magurudumu, umevaa gauni lako la kahawia, nilidhani picha imeshuka ukutani.

Naandika yaliyotokea kama nilivyoyaona, kwa sababu huku kila mtu anayasimulia kivyake.

Ulinyoosha mikono juu ya nusu-mlango ukasema, "Nipe huyo." Nilikuwa na Kibonge. Nikasema, "Karibu Mama, shikamoo." Hukuitikia. Ukasema tena, "Nipe huyo mtoto." Ukakohoa. Nikakuambia, "Mama, kitambaa kiko wapi?"

Watu walikuwa wanatoka ibadani, wakajaa nyuma yako. Mchungaji akasema, "Dada, huyu ndiye mama wa chumba hiki. Mpe amshike kidogo." Bi Pole akaanza kulia. Hata mama yake Kibonge alisema hana neno. Nikasema kama hana neno aje na nusu yake amchukue mwenyewe, kisha ampe amtakaye, huko nje. Lakini mtu anayekohoa mimi simpi mtoto, na asiye na kitambaa simpi mtoto. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, Kibonge akadhani tunacheza.

Ndipo ukasema, "Mshona viraka. Hata wa kwako huna, unaninyima wa watu."

Nilikuangalia, Mama. Sikumpa.

Ukainamisha kichwa, mabega yakawa yanatikisika, na Mchungaji akapiga makofi: "Alikuwa anamjaribu! Mama alikuja kumjaribu!" Watu wakashangilia. Wa kwanza kupiga vigelegele unamjua. Wifi akakugeuza mkaondoka.

Kikao kimefutwa. Mzee wa kanisa amenitamkia mbele ya wote kwamba ufunguo ni wangu. Mama Vigelegele sasa anawaeleza wageni utaratibu wa kitambaa kama vile aliuvumbua yeye.

Nashukuru kwa kunijaribu. Umenipa kile nilichokuomba, na zaidi. Ila nina swali moja, na nimekaa nalo siku nzima kwenye cherehani bila kushona hata mfuko. Lile neno la mwisho, nalo lilikuwa jaribio?

Mkweo

9 Juni

Mkaza mwanangu,

Marahaba. Usiulize hali, utaiona kwenye mwandiko.

Hapana.

Neno lile halikuwa jaribio, na hakuna chochote siku ile kilichokuwa jaribio. Mchungaji wenu ana kipaji cha kukuta hekima pasipo na kitu. Wamepiga makofi kwa jambo ambalo halikutokea, na hii si mara yao ya kwanza.

Nilimsumbua binti yangu wiki nzima anilete. Nilimwambia nakuja kukutetea. Njiani nilikuwa nimepanga hata maneno. Halafu nikafika mlangoni, nikakuona na yule mtoto begani. Aliniangalia kwa dharau safi kabisa, kama ninavyowaangalia watu mimi. Nikataka kumbeba.

Ndiyo hivyo. Nilikuambia sijawahi kuwapenda, na sikukudanganya. Lakini tangu mwaka uanze mimi ndiye ninayenyanyuliwa, ninayegeuzwa, ninayefutwa, ninayelishwa kwa kijiko na kuambiwa "fungua mdomo". Nilitaka kunyanyua kitu. Nilitaka uzito wa mtu mwingine mikononi mwangu mara moja zaidi, na sikujali kitambaa, sikujali kikohozi, sikujali mapafu ya yule mtoto. Mimi! Niliyewarudisha akina mama kwa ajili ya kamasi! Uliponinyima nikatafuta mahali pa kukuumiza, nikapajua, nikapiga hapo. Mama Vigelegele alipopiga alikuwa mpumbavu. Mimi nilikuwa na akili zangu zote. Uamue mwenyewe nani mbaya zaidi, mimi nimeshaamua.

Mabega yaliyotikisika hayakuwa ya kicheko.

Nimewadharau watu maisha yangu yote kwa sababu wanaweka matamanio yao mbele ya mtoto, kisha wanayaita mapenzi. Nilidhani mimi niliumbwa kwa udongo mwingine. Ukweli ni kwamba hakuna aliyewahi kunikatalia mlangoni, maana ufunguo ulikuwa wangu.

Wewe ulikuwa unatetemeka, na hukumtoa. Mimi katika miaka yangu yote pale sikuwahi kumkatalia mtu ninayemwogopa. Sikuwa namwogopa mtu. Kwa hiyo ulichokifanya mimi sijakifanya.

Waambie ukweli ukitaka. Ukiona wataharibu tu, waache na vigelegele vyao.

Nisamehe neno lile. Sijui namna nzuri ya kuomba, sina mazoezi.

Mama mkwe wako

20 Juni

Mama,

Shikamoo. Mwanao amesoma barua yako akatoka nje, akaosha gari ambalo lilikuwa safi. Anakusalimu sana.

Nilijua, Mama. Mtu anayejaribu hunyoosha mikono huku akimwangalia anayejaribiwa. Wewe hukuniangalia mimi hata kidogo. Niliuliza tu kwa sababu nilitaka unijibu.

Neno lile nimelisamehe. Liliuma, na bado kuna siku linauma, sitakudanganya. Lakini nimelisamehe.

Ndani ya bahasha hii kuna nusu ya kitambaa. Nilimweleza mama yake Kibonge kwamba ulitaka kumbeba, sikumwambia zaidi. Jumapili iliyopita tulisimama mlangoni, yeye akashika ncha moja, mimi nyingine, tukachana. Nusu nyingine nimeitundika kwenye msumari chini ya picha yako. Kikohozi kikiisha, njoo siku yoyote. Onyesha kitambaa, nitaoanisha, nitakupa. Hakuna atakayesema nimevunja utaratibu.

Njoo upesi. Anazidi kuwa mzito.

Mkweo

4 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Namwandikisha wifi yako. Mimi nasema, yeye anaandika, na anaandika vibaya kwa sababu analia. Nimemwambia alie pembeni ya karatasi.

Kitambaa nilikipata. Nimekaa nacho mkononi siku kadhaa, nikipitisha kidole ukingoni. Umechana vizuri. Ukingo umepinda kidogo katikati, ni sawa, ndivyo unavyotakiwa kuwa.

Sasa nakirudisha, kimo humu. Usikasirike. Kikohozi hakitaisha, na mimi huko siji. Nusu ya kitambaa iliyo mkononi mwa mtu asiyekuja ni tundu kwenye mlango wako: nikishafika mwisho kitaokotwa na yeyote atakayekunja shuka, na kitamfungulia mtoto wa watu. Kioanishe na mwenzake, mpe mama yake Kibonge vyote viwili, avichome au avifutie meza. Ukikiweka kama ukumbusho nitajua, na nitakudharau huko niliko.

Picha yangu ishushe. Iko juu ya vitanda, siku moja itamwangukia mtoto, na msumari ule nilikuwa nimekusudia kuuondoa.

Usihangaike kunijibu. Kesho ni Jumapili. Nenda mapema ukafungue madirisha.

Mama yako